Kambi ya Miaka Miwili

Masomo ya kutafakari: Mwanzo 23, Hesabu 9:15–23, Yeremia 28 na 29, Waebrania 13:14.

 

Tumeombwa tuandike maneno machache juu ya familia zinazohamia hapa kwetu Chang'ombe, na jinsi zinavyopaswa kukaa. Sisi si wahubiri. Tulikuwa walimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu akistaafu huacha mshahara, lakini chaki haiachi. Kwa hiyo msomaji atuvumilie akiona tunapanga mambo kwa namba kama tulio mbele ya ubao. Tutaanza na habari yetu wenyewe, maana hatuna haki ya kumkosoa mgeni wa leo kabla hatujasema tulivyokuwa sisi tulipokuwa wageni.

Tulifika Chang'ombe mwezi wa Januari mwaka 1987: baba, mama na mtoto mmoja. Tulikuwa tumemaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa miaka michache nyuma, tukafundisha kijijini, kisha ikaja barua ya uhamisho. Dodoma ya siku zile ilikuwa mji mdogo. TANU ilikuwa imeamua tangu mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, lakini serikali kwa sehemu kubwa ilikuwa ingali Dar es Salaam. Waliotangulia walikuwa wajenzi, vibarua, wachuuzi, walinzi, makarani, na walimu kama sisi. Wengi walipata pa kulala Chang'ombe, ambako nyumba zilisimama kabla ramani haijafika. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya matofali mabichi. Maji tulinunua kwa ndoo. Usiku treni ilipopiga honi tulikumbuka kwetu.

Usiku ule wa kwanza tulisema neno moja ambalo lilitutawala kwa muda mrefu. Tulisema, "Hapa ni miaka miwili tu, halafu tunarudi."

Basi tukakaa kama watu wa kambini. Sanduku la bati hatukulifungua lote. Picha ya ndoa yetu ilibaki imefungwa kwenye khanga. Uani hapakuwa na mti hata mmoja, na mwenye nyumba alipotuambia tupande, tulimjibu kwamba mti ni wa mwenye mji, na sisi si wenyeji. Majirani tuliwaamkia, lakini majina yao hatukuyauliza. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, nyumba ya pili kutoka kwetu, aliyechukua mizigo ya watu sokoni kwa mkokoteni. Sisi tulimwita "yule mzee wa mkokoteni". Ilitutosha.

Hata kanisani tulikuwa hivyo. Kasisi wa kule tulikotoka alikuwa ametuandikia barua ya kututambulisha: kwamba tumebatizwa, tumepata kipaimara, tumefunga ndoa takatifu, na kwamba tupokelewe. Barua ile tuliiweka chini kabisa ya lile sanduku. Jumapili tulikaa benchi la nyuma, na baada ya baraka tulikuwa wa kwanza kutoka. Ahadi ya mwaka hatukuandika. Tulisema sadaka yetu iko kanisani kwetu nyumbani, na nyumbani nako tuliitoa mara chache, kwa sababu tulikuwa mbali. Hivyo tukawa hatumo huku wala kule.

Miaka miwili ikapita, ukaja wa tatu, ukaja wa nne.

NABII ALIYEPENDWA NA NABII ALIYEANDIKA BARUA

Ndugu msomaji, fungua kitabu cha Yeremia, sura ya 28. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme wao. Akatokea nabii mmoja jina lake Hanania, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya mfalme wa Babeli, na kwamba katika muda wa miaka miwili kila kitu kitarudi, vyombo vya hekalu na watu pia. Unaweza kufikiri jinsi watu walivyofurahi. Yeremia mwenyewe alisema, na iwe hivyo. Naye alitamani watu warudi.

Lakini neno lile halikutoka kwa Bwana. Katika sura ya 29 Yeremia anaandika barua, inapelekwa Babeli kwa mikono ya wajumbe wa mfalme. Inawaambia wale mateka mambo ya kawaida sana: wajenge nyumba na kuishi humo, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuozesha, waongezeke wala wasipungue. Tena wautafutie amani mji ule waliopelekwa, wauombee, kwa kuwa amani yao imefungwa ndani ya amani ya mji. Na muda wake? Si miaka miwili. Ni sabini.

Hebu tuangalie tofauti ya manabii hawa wawili. Hanania hakuwaambia watu watende dhambi. Aliwaambia wangoje tu. Lakini mtu aliyeambiwa angoje miaka miwili hajengi, hapandi, haozeshi, wala hauombei mji. Anakaa juu ya mzigo wake kama abiria kituoni. Miaka miwili ikiisha atajiambia tena miwili, mpaka watoto wakue bila kwao. Uongo wa Hanania ulikuwa mtamu, na ubaya wake ni kwamba uliwaibia watu siku walizokuwa nazo mkononi.

Sisi tulikuwa na Hanania wetu nyumbani. Hatukumjua, kwa sababu alisema kwa sauti yetu wenyewe.

KAMBI ZILIZOGEUKA KUWA MIJI

Kanisa letu la Anglikana katika Afrika Mashariki lajua sana habari za kambi. Mahali pengi ambapo leo pana kanisa kubwa, shule na hospitali palianza kama kituo cha watu waliofika wamechoka, hawana kitu.

Mfano wa kwanza ni Frere Town, karibu na Mombasa. Mwaka 1873, baada ya Sir Bartle Frere kutumwa na Uingereza kwa Sultani Barghash, soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba. Lakini majahazi ya magendo yaliendelea, nazo manowari zikiyakamata zilikuwa na watu mikononi wasiojua wawapeleke wapi. Ndipo chama cha CMS kilipomtuma Kasisi William Salter Price, ambaye alikuwa amewalea Waafrika walioachwa huru huko Nasik, India. Mwaka 1875 akanunua ardhi upande wa bara, Kisauni, na mamia ya watu wakashushwa pale. Walitoka makabila mengi. Wengine walichukuliwa wakiwa watoto, hata majina ya vijiji vyao walikuwa wamesahau. Wakapewa vibanda na vipande vya shamba. Kengele ikatundikwa, na mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni.

Tusidhani yalikuwa maisha ya peponi. Wakuu wa kituo waliweka amri nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulikuwa na malalamiko makubwa juu ya adhabu kali walizopewa wakazi. Watu walioachwa huru waliona wakati mwingine kwamba uhuru wao unapigwa viboko. Jambo hili tulikumbuke, sisi tulio wazee wa kanisa, kwamba kambi ya Wakristo yaweza kuwa na kengele na sala na bado ikamdhulumu mgeni. Hata hivyo watu wale waliendelea kufunga ndoa, kulima, kusoma na kuzika wafu wao, mpaka mahali pale pakawa kwao. Na mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono ya ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliosomeshwa Nasik baada ya kuokolewa utumwani.

Mfano wa pili ni Masasi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu walioachwa huru, waume kwa wake, wakashukia Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Walikusudia kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye vilima vya mawe vinavyofanana na hivi vyetu vya Dodoma, wengi waliona wamekaribia nchi yao, wakataka kukaa papo hapo. Askofu akakubali. Wakapima kijiji, wakagawana viwanja, wakaanza kujenga. Miaka sita haijaisha, mwaka 1882, vita vya Wangoni vikawafikia. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa. Baadhi wakahamia Newala. Mtu angeweza kusema kambi ile imekwisha. Lakini wako waliobaki, na kazi ikaendelea, hata mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi.

Tunaweza kutaja kambi nyingine isiyo ya kanisa, hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga pale Kongwa. Yakaja mahema, matrekta na wageni wengi. Mvua za Ugogo na udongo wetu mgumu wa kiangazi havikuulizwa. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Lakini pale pale Kongwa Chuo cha Mtakatifu Filipo kingali kinafundisha watumishi wa kanisa. Kambi iliyokuja kuchukua mafuta ya karanga iliondoka. Waliokuja kukaa na watu walibaki.

Tena tukumbuke kwamba nchi hii ya Ugogo imezoea kupitwa. Misafara ya Bagamoyo ilipita hapa kwenda Tabora na Ujiji. Hata CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876 waliiona kwanza kama kituo cha njiani kwenda Buganda. Lakini mwaka 1878 Daktari Edward Baxter na mwenzake walirudi Mpwapwa kwa nia ya kukaa, wakatibu wagonjwa na kujifunza lugha ya watu, na Injili ikapata mizizi. Laiti wote wangeendelea kupita, sisi tungebaki na vumbi la miguu yao.

USIKU WA MWEZI WA MACHI

Sasa turudi katika habari yetu. Ni vigumu kuiandika hata leo.

Mwezi wa Machi mwaka 1991 tulikuwa na watoto wawili. Wa pili alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, ameanza kuita majirani kwa majina ambayo sisi wazazi hatukuyajua. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule kwetu. Usiku mmoja akashikwa na homa, kisha degedege. Hatukuwa na gari, wala simu, wala hatukujua tumgongee nani mlango. Tulisimama uani tumembeba mtoto, tukiita jina la Yesu, nalo ndilo jina pekee tulilokuwa nalo katika mtaa ule.

Yule mzee alisikia. Alikuja na mkokoteni wake, ametandika mkeka wake wa kuswalia juu ya mbao. Akasema, "Mama, panda, umpakate. Mwalimu, wewe sukuma nyuma." Tukaenda hivyo katika matope mpaka hospitali. Wauguzi walifanya yote waliyoweza. Kabla ya alfajiri mtoto akafariki.

Mhudumu alipokuja kuandika, aliuliza majina ya waliomleta mtoto. Tukataja yetu. Akauliza, "Na mzee huyu?" Tukanyamaza. Miaka minne tulikuwa tumepita mlangoni pake kila asubuhi. Tukamgeukia tukamwuliza, "Samahani mzee, jina lako nani?" Akatutajia bila kinyongo. Kisha yeye mwenyewe akamtajia mhudumu jina la marehemu, majina yake yote mawili, maana alikuwa anayajua.

Ndugu, tulikuwa tumefundisha habari ya Msamaria mwema darasani mara nyingi, na kutoa mtihani, na kusahihisha. Usiku ule tulipata sifuri.

Asubuhi tukakata shauri kumpeleka mtoto akazikwe nyumbani, kama ilivyo desturi. Makorongo yalikuwa yamejaa, basi halikupita. Ikatubidi tumzike Dodoma. Hatukuwa na ndugu mjini. Nani atachimba kaburi? Walichimba watu wa Chang'ombe, Wakristo na Waislamu, wakipokezana jembe, hao hao tusiowajua majina. Akina mama wa kanisa walikuja na unga wa uwele na mlenda mkavu, wakapika, wakalala na mama sakafuni siku tatu. Hakuna aliyetuuliza ahadi yetu ya mwaka iko wapi.

Kasisi alipokuja kwa ajili ya ibada, aliuliza kwa upole kama mtoto alibatizwa, na sisi ni washirika wa wapi. Hapo ndipo tulipofungua sanduku mpaka chini, tukatoa ile barua. Ilikuwa imeliwa na mende pembeni. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia katika kitabu chake cha sala, akasema, "Basi mmefika." Hakuongeza neno.

IBRAHIMU NA SHAMBA LA MAKPELA

Siku zilizofuata tulisoma Mwanzo 23, na tukaiona kama hatujawahi kuisoma. Ibrahimu aliahidiwa nchi yote, lakini aliishi hemani. Miaka ikapita na hakuwa na ardhi hata ya kukanyaga. Kisha Sara akafa. Ndipo Ibrahimu aliposimama mbele ya wenyeji, akajitaja kuwa mgeni na mpitaji kati yao, akaomba mahali pa kuzika. Walitaka kumpa bure, akakataa, akalipa fedha kamili. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi alichokimiliki baba yetu wa imani kilikuwa kaburi.

Hatusemi kwamba Mungu alimchukua mtoto wetu ili atufundishe. Hatujui hivyo, wala hatumwambii hivyo mzazi yeyote aliyefiwa. Twajua tu kwamba tulipomlaza katika udongo wa Dodoma, hatukuweza tena kusema hapa si kwetu. Wiki ile baba alipanda mwarobaini uani. Tulipojenga nyumba yetu, tulijenga humu humu Chang'ombe, na mche wa mti ule tukauhamishia kwetu. Leo vijana wa bodaboda hukaa kivulini pake.

JE, HATUNA MJI UDUMUO?

Mtu ataleta swali, na ni swali zuri. Je, Waebrania 13:14 haituambii kwamba Mkristo hana mji wa kudumu hapa duniani, na kwamba anautafuta mji ule ujao? Kwa nini basi tujishughulishe na miti na majirani? Si afadhali kukaa kama wasafiri?

Swali hili linajibiwa na Hesabu 9. Waisraeli walikuwa wasafiri kweli kweli. Wingu likipaa juu ya hema walisafiri, likitua walipiga kambi. Wakati mwingine wingu lilikaa siku mbili, au mwezi, au mwaka. Wakati mwingine lilikaa toka jioni hata asubuhi tu. Hapo hawakuambiwa kabla litakaa muda gani. Sasa fikiri kazi iliyokuwapo kila lilipotua. Maskani ilikuwa na mbao 48, na vitako vya fedha 100, kila kimoja talanta nzima. Wana wa Merari walipewa magari manne na ng'ombe wanane kwa kubeba mzigo huo. Kila wingu lilipotua Walawi waliisimamisha maskani. Hatusomi popote kwamba Musa aliwaambia, "Leo ni usiku mmoja tu, acheni, tulale hivi hivi."

Hapa ndipo tuliposahihishwa sisi. Msafiri wa Mungu ni yule ambaye wingu likipaa, huenda bila kunung'unika, na likitua, husimamisha hema la Bwana lote hata kama ni kwa usiku mmoja. Kukataa kukaa si upitaji. Sisi tulijiita wapitaji na kumbe tulikuwa wakaidi: wingu lilikuwa limetua Chang'ombe, nasi tulikuwa bado tumelitazama lile la jana.

Na Bwana wetu je? Yohana 1:14 husema juu ya Neno kufanyika mwili na kukaa kwetu. Katika Kiyunani neno lenyewe lina maana ya kupiga hema. Alikaa miaka michache. Lakini alijua majina ya watu, alikula nyumbani mwao, alilia makaburini kwao. Hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "hapa si kwetu" kuliko yeye, naye hakusema.

SASA, WAPENDWA

Tangu mwaka 2016 serikali ilipokaza nia ya kuhamia Dodoma, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, wingu limewatulia wengi hapa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 wilaya hii ilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Baadhi yao wamekuja Chang'ombe, wanatafuta chumba cha bei nafuu, wamebeba watoto na magodoro. Tunawasikia wakisema, "Niko hapa kikazi tu." Ijumaa jioni wengi huondoka, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 safari ya Dar es Salaam imekuwa fupi. Hatuwalaumu. Tunalijua neno lao, lilikuwa letu.

Kwako wewe mgeni tuna maneno matatu.

Kwanza, toa barua yako sandukuni. Ikiwa huna, mwombe kasisi wako wa nyumbani akuandikie. Ukishatambulishwa utapewa kazi, na ukishapewa kazi hutakaa benchi la nyuma.

Pili, jifunze majina. Anza na nyumba ya kulia na ya kushoto, uwaulize jina, watoto wao, na walikotoka. Usingoje usiku wa homa.

Tatu, panda kitu. Kama umepanga na huna ardhi, panda mchicha katika ndoo iliyotoboka. Nchi yetu ni kavu, mvua ni za miezi michache, kwa hiyo mwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Anayemwagilia kitu kila siku haishi mahali kwa chuki.

Kwetu sisi tunaojiita wenyeji, maneno ni makali zaidi. Hesabu 15 yataka amri iwe moja kwa mgeni na mwenyeji mbele za Bwana. Je, mgeni akiingia kanisani kwetu, nani humwuliza jina kabla hajatoka? Tumesikia wenzetu wakiwaita watu "wa kuja". Sisi tulipokuwa wa kuja, wenyeji walituchimbia kaburi. Tumesikia pia kodi ya chumba ikipandishwa mara mbili kwa mwaka mmoja kwa sababu mpangaji hana pa kwenda, na mwenye nyumba ni mshirika wa meza ya Bwana. Jambo hilo si biashara, ni dhambi, na tunaliandika hapa ili tusije tukasema hatukuambiwa.

Tunapendekeza kwa kamati ya kanisa kwamba kila mtaa uwe na watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wa kuitembelea kila familia mpya kabla ya Jumapili yake ya pili, iwe ya Kianglikana au siyo. Waende na nini? Wasiende mikono mitupu. Kibaba cha unga chatosha. Sisi wawili tu tayari kuanza, ingawa magoti ya mmoja wetu hayapendi tena kupanda mlima.

Yule mzee wa mkokoteni alikwisha kutangulia. Jina lake hatuliandiki hapa, maana mwenyewe hakupenda kusifiwa. Lakini twalijua. Tulisimama kaburini pake pamoja na wanawe, na mkubwa wao alituambia kwamba ule mkeka wa usiku ule baba yake hakuuosha haraka. Aliuacha ukauke kwanza juani, akisema ni matope ya mwanangu wa jirani.

Basi, mpendwa, kama Hanania wako bado anakuambia ni miaka miwili tu, usimsikilize. Yawezekana ni miwili kweli, yawezekana ni sabini, yawezekana ni usiku mmoja. Hilo ni la wingu. La kwetu ni kusimamisha hema.

Ee Mungu, Baba wa wasafiri wote, twakuomba uwatazame wote waliofika mjini kwetu na kulala usiku wa kwanza mahali wasipopajua. Utupe sisi masikio ya kusikia anayelia uani. Utujalie kuutafutia amani mji huu wa Dodoma, hata utakapotuita kwenye mji wako usio na mwisho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.